Majivu Kwanza, Ndimu Mwisho

Shombo ya dagaa haikai kwenye sahani yenyewe. Inakaa kwenye mafuta yaliyogandia sahani, na ndiyo maana mtu anaweza kukiosha chombo mara mbili kwa sabuni ya maji inayonukia maua, akakipanga kabatini kikiwa kinang'aa, na kesho yake akanywea chai kwenye kikombe kilicholala jirani nacho akahisi anakunywa samaki. Manukato ya sabuni yamekaa juu, samaki yuko chini yake. Wa kuitoa shombo ni yule anayejua imejificha wapi na ni kitu gani kinachoivunja. Hapa Mwanga watu wa namna hiyo wapo, wengi wao wanawake, na hakuna anayewahesabu miongoni mwa mafundi. Mtu anayepokea lundo la masufuria ya migebuka saa nane mchana na kuyarudisha saa kumi yakiwa hayana harufu yoyote huonekana kuwa ni msaidizi tu wa mama lishe. Mimi nimemtazama kwa muda mrefu, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoamini kwamba kazi yake ina elimu ambayo haijaandikwa inavyostahili.

Mwanga iko juu ya mji wa Kigoma, kwenye barabara iendayo Ujiji, na samaki wanaouzwa na kupikwa hapa hutoka mialoni, Kibirizi na Katonga, wakiwa bado na ubaridi wa usiku. Dagaa wa ziwa hili ni wa aina mbili, ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu. Mgebuka, anayewala dagaa hao, naye hupanda nao. Wote wana mafuta, na mafuta ya samaki ni mepesi kuchacha kuliko mafuta mengine ya jikoni: hewa ikiyakuta kwenye joto la mchana, harufu inaanza kubadilika kabla mlaji hajanawa mikono. Juu ya hapo, Kigoma tunapika kwa mawese. Na pembeni ya mchuzi kuna ugali wa muhogo, unaoshika sufuria kama umeapa kutoiachia. Basi chombo kimoja kilichotoka mezani kinaweza kuwa na uchafu wa aina tatu: ute na damu ya samaki, mafuta, na wanga. Kila mmoja una kinachouweza, na kinachouweza mmoja huusaidia mwingine kung'ang'ania. Hapo ndipo ustadi unapoanzia.

Mwoshaji mzuri haanzi na maji. Anaanza na pua. Mama mmoja ninayemfahamu, ambaye amepikia watu jirani na soko la Mwanga tangu watoto wake wakiwa wadogo, huinua sufuria hadi usoni, akaiinamisha, akanusa mara moja tu, akaiweka upande wake. Vikombe na glasi vinakwenda peke yavyo, mbali kabisa na vingine. Mabeseni na visu vilivyogusa samaki mbichi vinakwenda upande wa kushoto. Masufuria na sahani za mchuzi, kulia. Sufuria la ugali linajazwa maji na kuachwa, halina haraka. Kisha anapitisha kidole chake cha shahada kwenye ule mkunjo wa mdomo wa sufuria, pale bati lilipopindwa kwa nje ili lisikate mkono. Mtu wa kawaida hapaoshi hapo kwa sababu hapaoni. Mafuta ya wiki nzima yanaweza kukaa mle ndani, yakiwa yamegeuka rangi ya kahawia na kunata kama gundi, na shombo yote ya jikoni inatokea kwenye mstari huo mwembamba.

Siku moja binti anayemsaidia alimletea sufuria iliyong'aa.

"Mama, hii imetakata."

"Umeipitisha puani?"

"Bado, Mama."

"Basi bado haijatakata, mwanangu. Macho yanadanganywa na jua."

Binti alinusa, akarudi nayo kwenye beseni bila kununa. Nilipenda kwamba hakuna aliyepaza sauti. Kazi ilikuwa imetoa hukumu yenyewe.

Vyombo vya samaki mbichi huoshwa kwa maji baridi, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani wanaongeza usafi. Ute wa samaki na damu yake ni protini. Ukiimwagia maji ya moto, inaganda palepale kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni, na ikishaganda kwenye mikwaruzo ya beseni au kwenye nyuzi za ubao wa kukatia, hutaitoa kwa kusugua mara moja. Itaoza taratibu mle ndani, na kila siku beseni litanuka zaidi ya jana ingawa linaoshwa kila siku. Kwa hiyo yeye humwaga maji baridi, anatupia chumvi ya mawe kiganja kimoja, anasugua kwa kiganja kilekile, anamwaga, anarudia. Mpaka maji yatoke yakiwa hayatelezi kwenye vidole. Ubao huusugua kwa kufuata nyuzi zake, si kwa kuzikata, kisha anausimamisha wima ili maji yashuke. Ubao uliolazwa chini ukiwa na unyevu, kwake, ni kosa kubwa kuliko ubao usiooshwa.

Mawese yanataka kinyume chake kabisa. Mawese mekundu yana sehemu inayobaki maji na sehemu inayoganda, na asubuhi za Kigoma za mwezi wa sita na wa saba, hewa inapopoa, unaweza kuona chupa nzima imegawanyika: juu majimaji mekundu, chini uji mzito wa rangi ya chungwa. Ukimimina maji baridi kwenye sahani ya mchuzi, unaigandisha sehemu hiyo nzito, inashika sahani, na harufu ya samaki inafungiwa mle pamoja nayo. Maji lazima yawe ya moto kiasi cha kumfanya mwoshaji avute mkono. Kabla ya maji, lakini, kuna kukwangua. Yeye hutumia gunzi la mahindi au kipande cha karatasi, anapangusa mafuta yote yanayoweza kupanguswa yakiwa bado makavu, na kuyatupa. Ninaliona hili kuwa jambo la akili sana. Mafuta yaliyopanguswa hayaingii kwenye beseni, na yasipoingia kwenye beseni hayahami kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Kisha majivu.

Majivu ya Mwanga si majivu yoyote. Jivu la mkaa, lile linalobaki chini ya jiko la bati, hutumika kama hakuna jingine, ila wanaojua hupendelea la kuni zilizoungua mpaka likawa jeupe na laini. Linachekechwa kwa chujio kuukuu ili changarawe na vipande vya mkaa visikwaruze chombo. Linatunzwa kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu likipata maji ya mvua nguvu yake inaondoka: kile kinachofanya kazi ndani ya jivu, chumvi ya kabonati ya potasiamu, huyeyuka upesi sana na kutiririka. Ukilikoroga kwenye maji ya moto, chumvi hiyo inatoka na kuyafanya maji yawe makali, yenye kuteleza kidogo mkononi. Maji hayo yakikutana na mafuta, yanayavunja, na sehemu ya mafuta yenyewe inageuka kuwa sabuni palepale juu ya sahani. Hii ni kemia ileile ambayo watu wa Kigoma wanaitumia kupika sabuni ya mawese kwa kostiki soda, ila hapa inafanyika kwa dakika chache, na uchafu wenyewe ndio unaotoa mafuta ya kutengenezea sabuni ya kuuondoa.

Chembe laini za jivu, wakati huohuo, zinasugua. Anatumia dodoki lililokatwa nusu, analichovya kwenye jivu lenye unyevu, na mkono unakwenda kwa duara ndogo kutoka katikati kwenda nje, halafu ukingo, halafu ule mkunjo wa mdomo kwa ncha ya kijiti kilichofungwa kitambaa. Haharakishi. Nilichokiona kizuri kuliko vyote ni namna anavyojua amefika: anasuuza mahali padogo, anapitisha kidole gumba, na sahani inalia. Kidole kikiteleza kimya, mafuta bado yapo. Kikikwama na kutoa mlio mwembamba, yamekwisha. Hahitaji kuangalia. Wakati mwingine nimemwona akiongea na mteja, uso ukiwa upande mwingine kabisa, na kidole chake kikiendelea kusikiliza.

Maji yenyewe nayo yana maneno yake katika habari hii. Yanayotoka bombani Mwanga, yanayoletwa na mamlaka ya maji, KUWASA, ni maji ya ziwa, na Ziwa Tanganyika si la maji laini. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na maji yake yana chumvi za magnesi na kalisi na kabonati kiasi kwamba kipimo cha pH kinakaribia 9. Yanapendelea upande wa majivu, kwa kifupi. Yenyewe tayari ni makali kidogo. Hilo linasaidia kwenye mafuta. Lakini lina gharama mbili. Sabuni ya mche ikikutana na magnesi na kalisi inafanya utando wa kijivu unaokaa kwenye glasi na kwenye ukingo wa beseni, na huo utando ni wa mafuta, kwa hiyo unaweza kushika harufu tena. Gharama ya pili unaiona ndani ya birika: ukoko mweupe, mgumu, unaoongezeka kila maji yanapochemka. Mtu anayeosha kwa maji haya kwa sabuni nyingi zaidi, akidhani kwamba povu ndilo usafi, anajiongezea utando. Mama huyu anatumia sabuni kidogo kuliko mtu yeyote niliyemwona. Anategemea moto, jivu, na kusuuza mara mbili.

Ndimu inakuja mwisho, na sababu ya kuja mwisho inastahili kuelezwa polepole, maana hapa ndipo ufundi wote ulipo.

Harufu ya samaki ina mizizi miwili. Mmoja ni mafuta yaliyochacha. Huo ndimu haiuwezi. Ikamulie sahani yenye mafuta ndimu kumi, bado mafuta yatabaki, yakiwa na ladha ya ndimu. Mzizi wa pili ni amini, vitu vinavyotokea nyama ya samaki inapoanza kuvunjika, na vina tabia ya kupaa hewani kwa urahisi, ndiyo sababu unavisikia kabla hujafika mlangoni. Amini ziko upande uleule wa majivu. Tindikali ikizikuta, inaungana nazo na kuzigeuza kuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani. Inabaki kwenye maji na kumwagwa. Kwa hiyo kwanza mafuta yaondoke kwa jivu, ili amini zilizofungiwa ndani ya mafuta zibaki wazi, halafu ndimu ije kuzimaliza. Ukitanguliza ndimu, unaipoteza bure juu ya mafuta. Ukichanganya vyote viwili kwa pamoja, vinauana: jivu linakula tindikali, tindikali inakula jivu, na unabaki na maji yenye chumvi kidogo na mapovu mengi. Nimeona watu wakimwagia siki juu ya magadi kwenye sinki na kufurahia lile povu. Povu hilo ni nguvu inayokwenda zake hewani.

Wala hatumii ndimu nzima. Wateja wanapomaliza kula samaki wa kukaanga, wanaacha pembeni mwa sahani vipande vya ndimu vilivyokamuliwa. Anavikusanya kwenye kikombe. Ndani ya ganda bado kuna tindikali ya kutosha, na kwenye ngozi ya nje kuna mafuta makali ya ndimu ambayo nayo huyeyusha mabaki ya mafuta mengine. Ganda moja linatosha masufuria mawili. Anasugua upande wa ndani kwanza, anageuza, anasugua kwa ngozi ya nje kwenye mkunjo wa mdomo, anasubiri kidogo, anasuuza. Kile kikombe cha maganda, siku za ndimu kuadimika, huwekwa juu ya kabati mahali ambapo binti hawezi kukitupa kwa bahati mbaya. Maganda hayohayo yakichemshwa ndani ya birika yanaula ule ukoko mweupe wa maji ya ziwa. Unauona ukitoa vipovu vidogo na kubanduka.

Masufuria ya alumini yana masharti yake, na hapa lazima mtu awe mwangalifu. Jivu lenye maji likiachwa limelala ndani ya alumini, linaila na kuifanya ififie na kuwa nyeusi-nyeusi. Maji ya ziwa yakichemshwa humo kila siku hufanya vivyo hivyo polepole. Wengi huchukua mchanga wakakwangua weusi huo kwa hasira mpaka sufuria ing'ae, na kila mkwaruzo wanaoacha unakuwa nyumba mpya ya mafuta. Mama wa Mwanga huchemsha maji na maganda ya ndimu mle ndani, na weusi unafifia wenyewe bila sufuria kuguswa. Mchanga wa ziwa anautumia kwa nje tu, kwenye masizi. Hata masizi yenyewe anayawahi: kabla sufuria halijawekwa kwenye kuni, anapaka nje tope la jivu na maji. Masizi yanashika tope badala ya kushika sufuria, na jioni yote yanatoka kwa maji matupu. Yule anayepaka tope asubuhi anajua kwamba jioni atakuwa amechoka.

Plastiki ndiyo adui yake hasa. Bati, kioo na udongo uliopakwa rangi havinywi mafuta, plastiki inakunywa. Bakuli la plastiki lililobeba mchuzi wa mawese hubaki na rangi ya chungwa ambayo sabuni haiigusi, kwa sababu rangi ile, karotini, inayeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na imeshazama ndani ya plastiki yenyewe. Shombo imezama nayo. Mwaka 2024, Serikali ilipopumzisha uvuvi upande wetu wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, mfuniko wa ndoo yangu ya dagaa uliendelea kunuka kana kwamba ulikuwa mwaloni jana yake. Sikuwa na dagaa ndani ya nyumba. Niliupeleka kwa Mama. Hakuutia kwenye jivu. Aliupaka mafuta ya alizeti, akauacha, akaupangusa kwa kitambaa: mafuta safi yanayavuta mafuta machafu, na kitambaa kikatoka kimechafuka. Ndipo akaosha kwa maji ya moto, akapitisha ganda la ndimu, akauanika juani ukiwa umetazama juu. Jua la Kigoma linaivunja karotini. Rangi ya chungwa inafifia siku baada ya siku. Harufu ilipungua sana, ingawa haikwisha yote, naye hakunidanganya kwamba itakwisha. Tangu hapo dagaa wangu wanakaa kwenye chombo cha bati.

Nikiwaza haya, huwa nakumbuka ndugu walioondoka mkoani hapa wakakutana na mashine za kuoshea vyombo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita, na familia nyingi kutoka pale zimehamishiwa Marekani. Waliondoka na Kiswahili chao na hamu yao ya dagaa. Kwenye nyumba za huko, chini ya meza ya jikoni, wamekuta kisanduku cha chuma chenye mlango, na baada ya miezi michache ya dagaa na mawese kisanduku hicho nacho kinanuka shombo. Chombo cha kusafishia kimegeuka kuwa chombo kichafu.

Mashine hiyo ina historia yake. Josephine Cochrane, mwanamke wa Shelbyville, jimbo la Illinois, aliipatia hataza mwaka 1886 na kuionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Wengine kabla yake walijaribu vifaa vya kusugua. Yeye aliona kwamba maji yakirushwa kwa nguvu yanatosha, mradi vyombo vikae imara kwenye vishikizo vilivyopimwa kwa umbo lao. Ukichunguza jinsi mashine za leo zinavyopanga kazi, utaona jambo ambalo lilinifurahisha kupita kiasi. Kwanza hurusha maji baridi, kuondoa vile vinavyoganda kwa moto. Kisha maji ya moto yenye unga mkali, ambao ndani yake mara nyingi mna kabonati ya sodiamu, ndugu wa karibu wa ile chumvi ya majivu. Na kwenye suuzo la mwisho hudondosha dawa ambayo kwa kawaida ina tindikali ya jamii ya ndimu, ili maji magumu yasiache madoa. Baridi, majivu, ndimu. Wahandisi na Mama wa Mwanga wamefika mahali pamoja kwa njia ambazo hazikuwahi kukutana, na yeye hakuwa na umeme wa uhakika. Mji wa Kigoma uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi.

Kwa hiyo mwenye mashine inayonuka atende kama Mama angetenda: atafute mafuta yalipojificha. Chini kabisa ya mashine kuna chujio linalozungushwa na kutoka. Ndilo linaloshika mifupa ya dagaa na mafuta yaliyoganda, na kuna nyumba ambamo halijawahi kutolewa tangu mashine inunuliwe. Litolewe, lioshwe kwa maji ya moto na brashi laini. Mpira unaozunguka mlango ufunuliwe kwa kidole, hasa upande wa chini ambapo maji hayafiki. Huo ndio mkunjo wa mdomo wa sufuria hilo. Mikono inayozunguka na kurusha maji ina matundu madogo, na kijiti cha kuchokolea meno kinatosha kuyazibua. Baada ya mafuta kuondoka ndipo kikombe cha siki au tindikali ya unga kiwekwe ndani, na mashine iendeshwe tupu kwa maji ya moto kabisa. Siki kabla ya kusafisha chujio ni ndimu juu ya mafuta. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikaribishwe pale siki ilipo. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu, mashineni au kwenye beseni. Mwishowe mlango uachwe wazi kidogo. Unyevu uliofungiwa unarudisha harufu usiku uleule.

Beseni la Mwanga nalo lina chujio lake, nalo ni dodoki. Ukitaka kujua jikoni kwa mtu pakoje, usinuse sufuria, nusa dodoki na kitambaa cha kufutia. Kitu kinachogusa uchafu wote siku nzima, kikalazwa na unyevu kwenye kona ya beseni, asubuhi kinapaka kila sahani harufu ya jana. Nimeona watu wakilaumu samaki, wakilaumu maji, wakibadilisha sabuni, na kumbe shombo inatoka mikononi mwao. Mama anachemsha dodoki na vitambaa kwenye maji ya majivu kila jioni, anavikamua, anavitundika kwenye waya. Kitambaa cha glasi hakijawahi kugusa sufuria. Akikikuta mahali pasipo pake anakitoa kwenye kazi hiyo moja kwa moja, kinakuwa cha kushikia vyungu vya moto.

Naye anajua kwamba kutonuka pekee hakutoshi. Mei 2015, kipindupindu kilipowapata wakimbizi wa Burundi waliojaa Kagunga, ufukweni kaskazini mwa Kigoma, watu wa mji huu walikumbuka kwa uchungu kwamba kimelea hakina harufu. Chombo kinaweza kuwa kimepita jivu na ndimu na bado kikaleta msiba kwa sababu ya beseni moja la maji machafu ya kusuuzia. Kwa hiyo suuzo lake la mwisho ni la maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, hayarudiwi kwa chombo cha pili bila kuangaliwa, na yakifanya ukungu yanamwagwa hata kama ndoo ililetwa kutoka mbali. Hapo habani matumizi.

Kukausha ni kazi ya kichanja. Kipo nyuma ya banda, cha miti iliyofungwa kwa kamba, kimo cha kifua ili kuku wasikifikie. Sahani zinasimama zikiegemea, hazilali. Masufuria yanainamishwa lakini upande mmoja wa mdomo unainuliwa kwa kijiwe ili hewa ipite chini; sufuria lililofunikwa juu ya mti likiwa na matone ndani linatunza joto na unyevu, na kufikia jioni lina harufu ya pango. Hafuti kwa kitambaa kitu ambacho jua linaweza kukikausha. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, mambo ni mepesi. Mvua zikianza ndipo kazi inakuwa ngumu, maana kuna siku jua halionekani kabisa kutoka milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa mpaka huku. Siku hizo anayapanga masufuria kuzunguka jiko la mkaa linalozimika, akiyageuza moja baada ya jingine, na plastiki anaiweka mbali na moto. Sufuria la ugali, lile lililoachwa likiloweka tangu saa nane, ndilo la mwisho kuoshwa: ukoko umeshavimba, unabanduka wote kwa mwiko mara moja, na kuku wanausubiri chini ya kichanja.